Gari Linachemka Mlimani Baada ya Kulitengeneza Mwenyewe: Ulifungua Nini Mwisho?

Swali hilo niliulizwa na dereva wa lori, pale barabara inapoanza kupanda kutoka Awasi kuelekea Kericho. Nilikuwa nimesimama mbele ya boneti inayofuka mvuke kama sufuria ya githeri. Akashuka, akatazama, hakugusa kitu. "Ndugu yangu, ulifungua nini mwisho?"

Nikamjibu, "Hakuna."

Mke wangu alikuwa ameketi kwenye jiwe kivulini. Hakuinua hata kichwa. "Baba Imani, si Jumamosi ulibadilisha kile kidude? Na mama si alisema hita inapuliza baridi?"

Yule dereva akacheka, akarudi kwenye lori lake. Kazi yake ilikuwa imekwisha.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye mahali nilipokuwa siku ile. Gari lilikuwa linatembea, ukaliingiza mkono wewe mwenyewe: ukabadilisha thamostati (vali inayofunguka kwa joto na kuruhusu maji ya injini yapite kwenye rejeta yapoe), mpira wa rejeta, pampu ya maji, au ulimwaga tu maji ya zamani ukatia kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta. Sasa linachemka, hasa likipanda mlima. Usilichukulie kama gari lililoanza kuchemka lenyewe. Lile lina washukiwa kumi. Lako lina mmoja wa kuanza naye, kile ulichofungua mwisho, nao wengine wasubiri kwenye foleni. Mimi nilifanya kinyume. Nilinunua kifuniko cha rejeta Kericho, nikapoteza nusu siku ya Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu, nikitafuta relei ya feni, yaani swichi yake ya umeme, kwa sababu kila kitu kingeweza kuwa kibovu isipokuwa kazi ya mikono yangu.

Kwanza, nilichokifanya

Gari ni Toyota Fielder ya zamani, modeli ya NZE121, injini ya 1NZ. Nililinunua likiwa halina thamostati. Fundi mmoja wa zamani alikuwa ameitoa, kama wanavyofanya wengi: "Hii nchi ni ya joto, hicho kitu ni cha Wazungu." Labda aliyesema hivyo hajawahi kulala Molo mwezi wa Julai. Bila thamostati mshale ulikuwa unabaki chini safari nzima ya Nakuru hadi Njoro, na petroli ilikwisha haraka, kwa sababu kompyuta ya gari hudhani injini bado haijapata joto na kuendelea kuongeza mafuta. Kwa hiyo kurudisha thamostati lilikuwa wazo zuri. Sijutii wazo.

Kwenye injini hii thamostati hukaa pale mpira wa chini wa rejeta unapoingilia injini, chini ya kifuniko kinachoshikwa na nati mbili. Nilimwaga maji kwenye beseni, yakafika lita nne hivi. Nikafungua kwa spana namba kumi, nikaweka thamostati mpya na mpira wake wa duara, nikafunga. Nikajaza rejeta harakaharaka mpaka mdomoni, nikafunga kifuniko, nikawasha. Kiasi kilichoingia: lita mbili na nusu.

Rudia hesabu hiyo. Zilitoka nne, zimeingia mbili na nusu. Lita moja na nusu ya nafasi ndani ya injini ilikuwa imejaa hewa, nami nilikuwa nimeridhika kwamba kulanti imebaki ya akiba.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa macho. Thamostati nyingi za Toyota zina kitundu pembeni chenye kipini kinachochezacheza ukikitikisa. Watu hudhani ni pambo au kasoro ya kiwandani. Kazi yake ni kupitisha hewa wakati unajaza maji na thamostati ikiwa bado imefungwa. Hewa hupanda juu, kwa hiyo kipini nacho kinatakiwa kiwe juu. Mimi nilikiweka chini kwa sababu hivyo ndivyo ilivyokaa vizuri mkononi.

Kabla hujagusa chochote barabarani

Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa moto. Maji yaliyo ndani yamebanwa, na ukiyafungulia yanageuka mvuke usoni mwako. Subiri angalau dakika arobaini na tano, kisha shika mpira wa juu; ukiweza kuukunja kwa vidole bila kuungua na hauna msukumo, funga kitambaa mkononi na ufungue taratibu hadi kituo cha kwanza. Usimwage maji baridi kwenye injini moto, hata kama kundi la vijana wa pikipiki wamekuletea ndoo kwa moyo mwema: hedi ya alumini, yaani kichwa cha injini, hupinda au kupasuka. Na mikono iwe mbali na feni ya umeme. Hujiwasha yenyewe, kwenye baadhi ya magari hata ufunguo ukiwa mfukoni.

Hita inapuliza baridi wakati mshale uko juu

Naanza na dalili hii kwa sababu ndiyo niliyopewa bure nikaikataa.

Tulitoka Nakuru alfajiri kumrudisha mama mkwe kwake Ahero. Baada ya Salgaa barabara hupanda bila huruma kuelekea Mau Summit, na asubuhi ile kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Nikawasha hita. Hewa iliyotoka ilikuwa ya friji. Mama mkwe alikuwa kiti cha nyuma na, kwa heshima ya ukwe, hawezi kuniambia mimi moja kwa moja kwamba gari langu lina kasoro. Akamwambia bintiye, "Mwambie mwenzio miguu yangu imekufa ganzi." Ujumbe ukanifikia. Nikasema itapata joto baadaye. Dakika chache mbele mshale ukaanza kupanda.

Hita ya gari haina moto wake. Ni rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, inayopitishiwa maji ya moto ya injini. Injini ikiwa na moto na hita ikawa baridi, maana yake ni moja: maji ya moto hayafiki kule. Ama ni machache, ama kuna hewa imekaa njiani, ama pampu haisukumi, ama njia ya hita imeziba. Ukiwa umefungua mfumo wa maji juzi, hewa ndiyo ya kwanza. Paipu za hita ziko juu kuliko sehemu nyingi za mfumo huo, na hewa hupenda kukaa huko.

Hita ikipuliza moto halafu baridi halafu moto unapobadilisha mwendo, hewa tena. Ukisikia sauti ya maji yanayochuruzika nyuma ya dashibodi unapokanyaga mafuta, kama mto mdogo, hewa tena. Sauti hiyo niliisikia tangu Nakuru na nikaona inatuliza.

Hita ikiwa moto sawasawa na mshale uko juu, basi maji yanazunguka. Acha hewa, nenda kwenye feni, rejeta iliyoziba au hedi. Na ukiwa barabarani ifungulie hita hadi mwisho, vioo wazi: itavuta joto kutoka kwenye injini hadi upate pa kuegesha.

Mshale unapanda mlimani na kushuka kwenye mteremko

Hapa ndipo nilipodanganyika zaidi. Mau Summit nilisimama, nikangoja, mshale ukashuka. Kuanzia Londiani hadi Kericho njia ni ya kuteremka kwa sehemu kubwa, na kutoka Kericho hadi uwanda wa Nyando ndiyo kabisa: injini haifanyi kazi nzito, upepo unaingia mbele, mshale katikati. Nikafika Ahero nikisema kifuniko kipya nilichonunua Kericho kimetibu. Hakikuwa kimetibu kitu. Mteremko ndio uliotibu. Kesho yake kurudi, tukiwa tunapanda kwenye jua la saa saba, ugonjwa ukawa palepale.

Usikubali gari limepona mpaka lipande mlima uleule lililougulia. Kwa wa Kisumu, kilima cha Riat kuelekea Kiboswa kinatosha kwa jaribio na si mbali na nyumbani.

Jambo jingine kuhusu mshale: kwenye magari mengi umetengenezwa ukae katikati hata joto likipanda na kushuka kwa nyuzi kadhaa. Ukiuona umesogea, joto limeshapita mbali. Na kihisi cha joto kikizungukwa na mvuke badala ya maji, mshale unaweza kurukaruka au hata kushuka ghafla huku injini inaungua. Vitz nyingi hazina mshale kabisa. Kuna taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya hatari. Nyekundu ikiwaka, zima. Usiseme ufike kituo cha mafuta kwanza.

Mpira wa juu moto, wa chini baridi

Injini ikiwa imepata joto, gusa mipira miwili mikubwa ya rejeta kwa tahadhari. Kama mshale umepita katikati na mpira wa chini bado ni baridi, maji hayapiti kwenye rejeta. Sababu: thamostati imekwama ikiwa imefungwa, thamostati imewekwa kinyume, hewa imekaa mbele yake, rejeta imeziba, au pampu imekufa.

Kinyume maana yake upande wa springi. Springi hutazama ndani ya injini. Kosa hilo huchemsha gari hata bila mlima, ndani ya dakika kumi na tano, kwa hiyo kama ulifika Salgaa salama huenda si lako.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, weka motoni. Nyingi za Toyota zimechapwa 82, yaani nyuzi, na hapo ndipo zinapoanza kufunguka, kufikia upana wake kamili kwenye 95 hivi. Lakini kumbuka tunaishi juu. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwa hiyo sufuria yako inaweza kutokota kwa fujo na thamostati isiwe imefunguka yote. Si mbovu. Ya kutupwa ni ile isiyosogea kabisa, au iliyofunguka kabla hujawasha jiko.

Wala usiitoe ukaendesha bila hiyo "kwa muda". Baadhi ya injini za Toyota zina thamostati yenye kisahani cha pili kinachoziba njia ya mkato ya maji. Ukiitoa, maji ya moto huzunguka kwenye njia ya mkato bila kupita kwenye rejeta, na ulichokiita tiba kinakuwa ugonjwa.

Maji yanafurika kwenye chupa ya akiba

Kifuniko cha rejeta si kizibo tu. Kina springi, na juu yake pameandikwa 0.9 au 1.1, yaani shinikizo kinalolishikilia. Kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka mapema kwa karibu nyuzi moja. Kisumu ni kama 96. Juu kule Mau Summit ni kama 92 au chini kidogo. Sasa, feni za magari mengi huanza kuzunguka kwenye nyuzi tisini na kitu. Ukiwa na kifuniko kilicholegea, maji yanaweza kuanza kuchemka kule juu kabla feni haijaamka! Kifuniko kizima cha 1.1 huyabana hadi kuchemka kwake kupite nyuzi 115 hata hapo mlimani. Ndiyo maana gari lenye kifuniko kibovu laweza kuzunguka Kisumu mwaka mzima bila neno na kukuaibisha kule juu Timboroa.

Angalia mpira wa ndani ya kifuniko kama umepasuka, na kile kikofia kidogo cha katikati kama kinarudi ukikivuta. Hicho cha katikati ndicho kinachoruhusu maji yarudi kutoka kwenye chupa injini inapopoa. Kikikwama, chupa inabaki imejaa na rejeta tupu, nawe kila asubuhi unatazama chupa na kusema maji yapo. Tazama ndani ya rejeta.

Kwa hiyo kifuniko changu cha Kericho hakikuwa ujinga mtupu. Kilikuwa dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine.

Linachemka foleni, likikimbia linapoa

Feni. Angalia fyuzi, relei, plagi ya feni, na kama uliitoa plagi ukifanya kazi ukasahau kuirudisha (hutokea). Washa kiyoyozi: kwenye magari mengi feni inapaswa kuzunguka mara moja. Ikizunguka kwa kiyoyozi na si kwa joto, mota ni nzima. Shuku kihisi, waya wake, au maji yasiyokigusa.

Maji yanapungua na huoni yanakoenda

Hapa weka spana chini kidogo. Kama lilichemka vibaya, huenda tatizo la awali umelitibu lakini gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na injini, imeungua. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya chai ya maziwa ni maji ndani ya oili, ingawa utando mwembamba kwa gari la safari fupifupi za asubuhi za baridi waweza kuwa unyevu tu, chomoa dipstiki uhakikishe. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu usioisha injini ikishapata joto. Mpira wa juu mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi. Mapovu yasiyokoma mdomoni mwa rejeta.

Hilo la mapovu linachanganya na hewa ya kawaida. Tofauti ni kwamba hewa uliyoifungia wewe ina mwisho. Hewa ya silinda, inayovuja kupitia gasketi iliyoungua, haina mwisho, na huongezeka ukikanyaga mafuta. Ukipata hizo dalili, mpelekee fundi mwenye vifaa vya kupima hedi kama imepinda. Kazi hiyo si ya uani.

Jinsi nilivyotoa hewa kando ya barabara

Tulingoja saa nzima. Kulikuwa na mama anauza ndizi, tukala. Kisha nikalisogeza gari liegemee mlima, pua juu, ili mdomo wa rejeta uwe mahali pa juu zaidi. Kwangu Nakuru nilikuwa nimefanya kazi uani penye mteremko, pua ikitazama chini langoni. Hilo nalo liliisaidia hewa kujificha.

Nikafungua kifuniko, nikaweka hita kwenye joto la mwisho, nikajaza maji polepole hadi mdomoni. Nikawasha, kifuniko wazi. Nikaminya mpira wa juu na wa chini kwa zamu, kama anayekamua ng'ombe. Kwa dakika kadhaa hakuna kitu. Halafu rejeta ikabeua, bwooh, maji yakashuka hadi nisiyaone, nikaongeza. Ikabeua tena. Mara ya nne au ya tano mke wangu, aliyekuwa ndani akishikilia mafuta kidogo, akapiga kelele, "Inachoma!" Hita ilikuwa imepata joto. Niliongeza jumla ya lita moja na zaidi. Nikangoja mpira wa chini upate moto, maana yake thamostati imefunguka, na feni ifanye kazi mara mbili, nikafunga.

Mengi ya niliyoongeza yalikuwa maji matupu ya kununua dukani, na kwa dharura hayana ubaya. Kuyaacha ndiyo ubaya. Kulanti huzuia kutu na kupandisha kiwango cha kuchemka, na sisi ambao meno yetu ya kahawia yanaonyesha tulikokulia twajua maji ya visima vya Nakuru yana madini ya kutosha. Changanya nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa, au ununue iliyokwisha kuchanganywa. Ya kumwaga usiiache beseni ambapo mbwa atafika: ni tamu na ni sumu.

Tulipanda hadi Mau Summit mshale ukiwa katikati. Jumamosi iliyofuata nikafungua tena zile nati mbili, nikakuta kipini kinatazama chini na mpira wa duara umebanwa ukingoni upande mmoja. Nikageuza, nikaweka mpira mpya, nikajaza polepole gari likiwa pua juu kwenye mawe mawili, magurudumu ya nyuma yamezuiliwa. Safari hii nilipima: yaliyotoka na yaliyoingia yalipishana kwa kikombe kimoja.

Siku tatu za asubuhi zilizofuata nilitazama ndani ya rejeta kabla ya kuwasha. Ya kwanza ilipungua kidole, ya pili nusu kidole, ya tatu haikupungua. Yako ikiendelea kupungua siku ya nne na chini ya gari ni pakavu, rudi kwenye sehemu ya hedi.

Mama mkwe alikuja tena mwezi wa Desemba. Alibeba blanketi.